Tarumbeta Nyuma ya Uzio

"Mjomba, umekuja mwezi mbaya," mpwa wangu aliniambia hata kabla hatujatoka kwenye maegesho ya uwanja wa ndege.

Nilidhani ananitania. Nimeruka kutoka Dar es Salaam, nimebadilisha ndege mara mbili, miguu imevimba kama maandazi yaliyozidiwa hamira, hatimaye nimefika New Orleans, halafu naambiwa mwezi mbaya. Mbaya kwa lipi?

"Bendi za barabarani zimepumzika. Jua hili nani atatembea saa nne na tuba mgongoni? Zinaanza tena mwisho wa Agosti."

Ilikuwa Julai. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya siku kumi na mbili.

Lazima nieleze nilikwenda kufuata nini, maana hata mke wangu hakunielewa. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, mji uliokuwa na Jamhuri Jazz Band na Atomic Jazz Band. Morogoro nao walikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar kulikuwa na Western Jazz, Tabora na Tabora Jazz. Kwa hiyo kichwani mwangu jazi ni magitaa yanayojibizana, na saksafoni inayoingia baadaye kama mgeni aliyechelewa karamu na hana habari ya kuomba radhi. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipong'amua kwamba neno lile tuliliazima, na kwamba wenyewe wanaliita jazi jambo jingine kabisa. Tangu hapo nikawa na hamu ya kwenda kuwaona wenye neno. Mpwa wangu alipopata kazi ya uuguzi New Orleans, nikaona Mungu amenifungulia mlango.

Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, joto lilinipiga kama mtu aliyefunua sufuria la pilau huku ameliinamia. Tanga niliiacha kwenye kipupwe, asubuhi watu wanajitanda shuka. Joto letu la Februari nalijua, tena vizuri. Lakini letu lina bahari, na jioni upepo huja ukalipunguza. Hili la kwao limezaliwa kwenye vinamasi vya mto Mississippi. Limekaa tu, halina safari.

Mpwa wangu anaishi Tremé, mtaa ulio nyuma ya ule mji mkongwe wa Wafaransa, na mmoja wa mitaa mikongwe kabisa ya watu weusi nchini Marekani. Hata enzi za utumwa kulikuwa na watu weusi huru waliomiliki viwanja na nyumba zao hapo. Nyumba yenyewe ilinichanganya. Ni ya mbao, nyembamba, imeinuliwa kidogo juu ya ardhi, mbele ina baraza. Mpaka hapo tunaelewana. Baraza ni baraza. Sasa ingia ndani. Nyumba yetu ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba kushoto na kulia, nyuma ua. Ichukue nyumba hiyo, ikate kwa urefu, utupe nusu moja pamoja na ujia wake: ndiyo hii. Chumba kimefuata chumba kama mabehewa. Wenyewe huziita nyumba za bunduki, eti ukifyatua risasi mlango wa mbele itatokea wa nyuma bila kugusa ukuta. Mimi shida yangu haikuwa risasi. Ili nifike jikoni nilipaswa kupita katikati ya chumba cha kulala cha mpwa wangu na mkewe. Usiku wa kwanza nilikaa na kiu hadi kukakucha.

Ijumaa asubuhi nilikwenda dukani kununua maji, chupa kubwa, ya kuweka kando ya kitanda. Mama wa makamo aliyekuwa akiuza akaniuliza, "Unahitaji nini kingine, beibi?" Nikageuka nyuma kuona anasema na nani. Hakukuwa na mtu. Kwetu mwanamke asiyekujua akikuita hivyo, ama amekufananisha ama kuna jambo. Mpwa wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Huku, alisema, beibi ni kila mtu: dereva wa basi, askari, mzee wa miaka themanini. Nikalipokea kama tunavyopokea "mwanangu" la mama lishe. Ila sikulizoea.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Congo Square, kiwanja kilichomo ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong. Armstrong mwenyewe alizaliwa mjini hapo mwaka 1901. Kiwanja kimetandikwa mawe kwa mizunguko, mialoni mikubwa imekitia kivuli. Enzi za utumwa Jumapili ilikuwa siku ya watumwa, na mwaka 1817 baraza la mji likaagiza kwamba wakusanyike mahali pamoja tu, Jumapili, kabla ya jua kuzama. Mahali penyewe ndipo hapo. Wakauza vitu vyao, wakapiga ngoma za makwao, wakacheza duara kwa duara. Wengi walitoka Senegambia na nchi za Kongo, na kiwanja jina lake bado lipo. Sijui nilitarajia kukuta nini. Nilikuta njiwa, na mzee mmoja amelala kwenye benchi, kofia usoni. Nikasimama katikati ya ile mizunguko ya mawe nikijiona mpumbavu kidogo, kama mtu aliyefika kwenye shughuli siku mbili baada ya jamvi kukunjwa.

Jumamosi mpwa wangu alipata mapumziko, akanipeleka chini ya daraja. Sikuelewa kwa nini daraja. Akanieleza kwamba barabara ya Claiborne ilikuwa na mialoni safu kwa safu, na chini yake ndipo familia zilipokaa sikukuu na maduka ya watu weusi yaliposimama. Miaka ya 1960 serikali ikapitisha barabara kuu ya magari juu yake, ya zege, ndefu hata mwisho wake huuoni. Miti ikang'olewa, zikaja nguzo. Siku hizi nguzo zimechorwa, nyingine picha za watu, nyingine miti. Watu hawakuhama, wanaleta viti vyao, wanakaa chini ya zege kama walivyokaa chini ya mti.

"Na bendi zinapenda kupita hapa," alisema. "Piga makofi."

Nikapiga. Makofi yangu mawili yakarudi yakiwa sita. Nikapiga tena, nikaguta na jina langu kidogo. Mtu aliyekuwa akibadilisha tairi akanitazama bila kushangaa.

Nikasema moyoni, basi. Nimeona kiwanja bila ngoma, nimeona daraja bila bendi. Nitarudi Tanga niwaambie nimekwenda Makka nikakuta imefungwa.

Jumapili mpwa wangu na mkewe walikuwa kazini wote wawili. Kwenye saa tisa alasiri nilikuwa nimelala behewa la katikati, feni juu, fulana imenigandia, nikisikiliza friji ikinguruma. Ndipo nikasikia kitu kingine kikinguruma. Kwanza nilidhani lori: *bu, bu-bu, bu*. Kisha juu ya lori ikapanda sauti ya shaba, kali, iliyokunjamana kidogo, na tuazi likaanza kukwaruza.

Mtu wa Tanga akisikia matarumbeta Jumapili alasiri hana haja ya kuuliza. Ni harusi. Gari dogo la wazi limetangulia, vijana wamejibana nyuma na matarumbeta yao, msafara unafuata na mataa yanawaka mchana kweupe, bibi harusi anazungushwa mji mzima ili hata asiyehusika ahusike. Nikavaa shati, nikafunga viatu upesi, nikatoka kumwona bibi harusi.

Barabara tupu. Lami inameremeta kwa joto, paka mmoja chini ya gari. Sauti ilikuwa kushoto, nikaenda kushoto. Nilipofika kwenye kona ikawa nyuma yangu. Nikazunguka. Sauti ya shaba kwenye mtaa wa nyumba za mbao haina uaminifu, inagonga ukuta huu ikatokea kule. Na kila mara walipofika mahali fulani kwenye wimbo, kimya. Kisha wanaanza upya. Nikajiuliza ni msafara gani huu unaosimama kila baada ya nusu dakika, labda foleni. Nilizunguka mtaa mara mbili, shati limelowa kana kwamba nimevuliwa baharini.

Mara ya pili nikapita mbele ya bibi aliyekaa barazani kwake, sinia mapajani, anachambua maharage mekundu. Mara ya kwanza alikuwa ameniacha nipite.

"Umepoteza nini, beibi?"

Nikamwamkia kwa adabu zote nilizonazo kwa Kiingereza, kisha nikamuuliza: hii harusi ya nani?

Hakunielewa. Nikarudia. Shughuli ni ya nani? Nani kawaita hawa wapigaji? Akaweka sinia chini, akacheka kicheko cha pole pole kilichoanzia mabegani. Hakuna harusi. Hakuna aliyewaita. Ni vijana wanafanya mazoezi nyuma ya nyumba yake, mmoja mjukuu wake, kila Jumapili msimu huu wa joto, ili Agosti ikifika wawe tayari.

Nakiri jambo hili lilinichukua muda kuingia. Kwetu matarumbeta hayalii bila mwenye shughuli. Kuna aliyelipa, kuna anayetunzwa. Ukiyasikia unajua kuna mtu mahali fulani amevaa vizuri. Na mazoezi hufanywa ndani, madirisha yamefungwa, la sivyo mjumbe ameshafika na majirani wawili nyuma yake. Hapa watu saba wanapuliza shaba uani, na jirani wa pili anaendelea kumwagilia maua yake.

Bibi akaniongoza kwa kichochoro cha pembeni. Mwanzoni nilisimama upande huu wa uzio, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao mbili kama mtoto anayeangalia mpira wa bure.

Walikuwa chini ya banda la gari la mabati: wavulana sita na msichana mmoja, hakuna niliyemdhania kufika miaka ishirini. Tarumbeta mbili, msichana alishika moja. Tromboni mbili. Saksafoni. Kijana mwembamba amevaa susafoni, na nasema amevaa kwa sababu ile haishikwi. Ni bomba la shaba lililomzunguka mwili kama chatu aliyeshiba, mdomo wake mpana kama karai la kukaangia samaki ukitokea juu ya kichwa. Yule ndiye lori langu. Alikuwa ameegemea nguzo kwa uzito, mashavu yanapanda na kushuka, na kila alichopuliza nilikisikia kifuani kabla ya masikioni.

Na mpiga dramu kubwa. Huyu nilimtazama sana. Dramu imelala ubavu tumboni kwake, na juu ya ukingo wake wamefunga tuazi moja. Mkono wa kulia kirungu. Wa kushoto ameshika waya. Nikakaza macho: waya wa henga, ile ya kutundikia nguo, umenyooshwa na kukunjwa tena. Bibi akaniambia wengine hutumia bisibisi. Sikuamini, lakini hapo hapo nikakumbuka chupa ya soda na kijiti kwenye ngoma zetu, na sahani ya bati ya upatu, nikanyamaza.

Wimbo wenyewe sikuujua, wala sikupewa nafasi ya kuujua, maana walikuwa wakikipiga kipande kile kile. Tarumbeta zinapanda, saksafoni inazifuata, wote wananyamaza ghafla kwa kishindo kimoja cha dramu, kisha tromboni zinaingia. Tatizo lilikuwa kwenye kuingia. Mara ya kwanza sikulisikia. Mara ya tatu nikaona tu nyuso zinakunjamana. Bibi alikuwa amekuja na sinia lake, amekaa kwenye ngazi ya jikoni, vidole vinaendelea na maharage.

"Anawahi tena," alisema bila kuinua kichwa.

Mjukuu wake ndiye mwenye tromboni ile. Wakarudia.

Mvua ya kwao ya Julai haipigi hodi. Mawingu yalikuwa yamejipanga bila mimi kuyaona. Ngurumo moja, na maji yakamwagika kama yametolewa kwa ndoo. Bibi akanivuta kwa mkono, akafungua lango la uzio, tukakimbilia chini ya banda pamoja nao. Nikawa ndani ya bendi. Nilikuwa nusu hatua na karai la susafoni. Kijana mmoja akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, akaniita "sir," nikahisi niko nyumbani kwa namna fulani.

Nilidhani watanyamaza, maana mvua juu ya bati ni bendi nyingine. Hawakunyamaza. Walipuliza juu yake. Dramu kubwa ikapigwa kwa nguvu zaidi, tarumbeta ya yule msichana ikapenya kelele zote mbili kama mwiko unavyopenya ugali, na shaba, mvua na bati vikachanganyika hata nikashindwa kusema kipi ni kipi. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote kwenye redio, kumbini, harusini. Sijawahi kuusikia ukiingia kwa kupitia ndoo niliyokalia.

Katikati, wakipumzika kunywa maji, bibi alinieleza mambo kwa sauti ya juu kushinda mvua. Bendi za Jumapili huajiriwa na vyama vya mtaa. Vyama hivyo vilianza zamani kwa ajili ya kusaidiana: unatoa mchango wako, ukiugua unasaidiwa, ukifa unazikwa kwa heshima, na bendi mbele. Nikamwambia kwetu tunaviita vya kufa na kuzikana. Akanitaka nilirudie jina hilo mara mbili. Tofauti ni kwamba vyao, kila kimoja kina siku yake ya mwaka ya kutoka barabarani, wanachama wamevaa suti na viatu vya rangi moja. Bendi na wanachama ndio mstari wa kwanza. Yeyote atakayetoka nyumbani kwake kufuata ni mstari wa pili, na mstari wa pili hauna kadi ya mwaliko.

Hapo nilimkatiza nikamsimulia beni. Jinsi watu wa miji yetu ya pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, walivyotazama bendi za jeshi za wakoloni wakaunda zao, wakapeana vyeo vya ufalme na ujenerali, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wakashindana kwa mavazi na maandamano hata wenye serikali wakaingiwa na wasiwasi. Bibi alisikiliza. Kisha akauliza swali moja, la kitaalamu hasa: "Na nani alikuwa anawafundisha watoto?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo la kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisema, bendi hizi zilikuwa za wazee, vijana hawazitaki. Danny Barker, mpiga gitaa na banjo aliyerudi mjini baada ya miaka mingi New York, akawakusanya watoto kwenye kanisa la Fairview Baptist akawapa shaba. Baadaye ikatokea bendi ya Dirty Dozen mwaka 1977, na mwaka 1983 Rebirth, vijana wa shule wa mtaa huo huo wa Tremé. Wale waliwafundisha wa kizazi cha kati, na hawa wa kati ndio wanaopita Jumapili nyingine kumkosoa mjukuu wake. Leo hawakuja. "Katrina," jina la kile kimbunga, alilitaja mara moja tu, na kwa mkono: alionyesha kwenye ukuta wa banda mahali maji yalipofikia mwaka 2005, juu kidogo ya kiuno changu. Kisha akaangalia maharage yake.

Wakasimama tena. Nilihesabu kuanzia hapo. Mara ya tisa tromboni iliwahi. Mara ya kumi iliwahi kidogo. Mara ya kumi na moja tarumbeta zikapanda, saksafoni ikafuata, kishindo, kimya, na katika kimya kile nikasikia mvua peke yake, kisha tromboni mbili zikaingia pamoja kama mlango unaofungwa na mtu mmoja. Mimi nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu. Wao waliendelea mbele na wimbo, sehemu ambayo sikuwa nimeisikia alasiri nzima, na kumbe ndiyo iliyokuwa tamu. Nikatoa simu nikarekodi. Kwa haraka zangu, nilichorekodi kilikuwa mara ya kumi na mbili, waliporudi kuhakikisha. Na mara ya kumi na mbili haikuwa kama ya kumi na moja.

Jumatatu, bibi yule alituletea bakuli la maharage yale na wali. Jumatatu mji mzima hula hivyo. Zamani ilikuwa siku ya kufua, na maharage hujipika yenyewe huku mtu akisugua nguo. Wali maharage, nimeruka bahari mbili kuja kula wali maharage. Ni mazito kuliko yetu, yana soseji ambayo niliisogeza pembeni kwa heshima, nazi hawajui.

Lakini hilo ni la Jumatatu. Usiku ule wa Jumapili nilimtumia mke wangu kile nilichorekodi. Alinipigia akiwa ametoka kuswali alfajiri. Kwake imeshakuwa Jumatatu, kwangu bado saa tatu na nusu usiku wa jana yake. Nimesahau kusema kwamba usichana wake wote aliimba kwenye kikundi cha taarabu, na masikio yale hayajastaafu.

"Harusi ya nani hiyo?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna harusi, ni mazoezi tu, nyuma ya uzio. Akanyamaza. Nikamsikia akiicheza tena, redio ya jirani ikilia nyuma yake, na jogoo.

"Mmoja wao anawahi," alisema. "Sikiliza pale baada ya kimya."